Bwana Mifugo wa Mkono Mmoja: Maisha ya Arnold Theiler (1867–1936)

Katika ukurasa wetu wa watu wa zamani, safari hii tunamleta mtu ambaye hapa Afrika Kusini anajulikana sana, lakini kwetu Afrika Mashariki tunalitaja jina lake bila kujua. Mwulize bwana mifugo yeyote wa Arusha, Nakuru au Mbarara ni kimelea gani kinacholeta ndigana kali. Atakujibu mara moja: Theileria. Jina hilo limetokana na Arnold Theiler, Mswisi aliyefika Transvaal mwaka 1891 akiwa kijana wa miaka 24, akapoteza mkono mmoja kabla hata kazi haijamnyookea, halafu akatengeneza chanjo ya ndui kwa ajili ya wachimba dhahabu wa huku Johannesburg.

Tumemchagua kwa sababu nyingine pia. Siku hizi ukitaja neno chanjo tu, ugomvi unaanza. Huyu anasema chanjo haina neno kabisa, yule anasema eti inatumaliza. Mzee Theiler hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Alichanja maisha yake yote, na chanjo zilipoleta madhara aliyaandika mwenyewe, watu wasome.

Kutoka Frick hadi Pretoria

Arnold Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 katika mji mdogo wa Frick, jimbo la Aargau, Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana alisomea udaktari wa mifugo Bern na Zürich, akahitimu mwaka 1889. Kwao kulikuwa na madaktari wa mifugo wa kutosha, basi naye akafanya kama tunavyofanya wengi wetu: akafunga mizigo kwenda kutafuta maisha ughaibuni. Tofauti ni kwamba yeye alitoka Ulaya kuja Afrika.

Wakati huo Transvaal ilikuwa jamhuri ya Makaburu chini ya Rais Paul Kruger. Theiler alitegemea serikali itampa kazi, lakini hakuipata. Akaenda kufanya kibarua katika shamba kubwa la Irene, karibu na Pretoria. Huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto. Hebu fikiria: uko ugenini, lugha hujaizoea, hela huna, na kazi uliyosomea inataka mikono miwili ya kumshika ng'ombe. Wengine wangekata tiketi ya kurudi nyumbani. Yeye alirudi Pretoria, akafungua ofisi yake, akasubiri wateja. Walikuja kwa kusuasua. Mwaka 1893 akamwoa Emma Jegge, binti wa kwao Uswisi, na mama huyo ndiye aliyevumilia naye miaka yote ya dhiki.

Ndui yaingia kwenye migodi

Mwaka huo huo wa 1893 ndui ikazuka Witwatersrand. Johannesburg ulikuwa mji wa miaka 7 tu, maana dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Watu walikuwa wanamiminika kutoka kila upande, na wachimbaji Waafrika, wengi wao kutoka Msumbiji, walilala wamebanana kwenye kampaundi za migodi. Wazee wetu wa kusini mwa Tanganyika nao walikuja kuyajua maisha hayo miaka ya baadaye, walipochukuliwa na Wenela. Sasa ndui ikiingia mahali kama hapo, si mchezo. Aina kali ya ugonjwa huo iliua kiasi cha watu 3 kati ya kila 10 walioupata, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakapofuka.

Chanjo yake ilikuwa inajulikana tangu Edward Jenner alipoianzisha Uingereza mwaka 1796, lakini kuipata Transvaal ikiwa bado na nguvu ilikuwa kazi. Wakati ule chanjo ya ndui ililimwa juu ya ngozi ya ndama. Ndama ananyolewa tumboni, anakwaruzwa, anapakwa mbegu ya chanjo, na baada ya siku chache vinatokea vipele ambavyo majimaji yake yanakusanywa. Kazi hiyo inamfaa zaidi daktari wa mifugo kuliko daktari wa watu. Theiler akaifanya, na chanjo yake ikatumika kuwakinga wachimbaji wa Witwatersrand. Kwa mara ya kwanza tangu afike Afrika, watu wakaanza kumjua.

Majina ya wachimbaji waliochanjwa hatunayo. Wenye migodi waliogopa hasara, serikali iliogopa mji kukwama, na wachimbaji wenyewe, wenye mikono iliyokwaruzwa, hakuna aliyeandika walisema nini. Tuyakumbuke hayo tunapowasifu wakubwa.

Kuchanja ni kuchanja kweli

Kiswahili chetu kina kumbukumbu nzuri. Kuchanja ni kukata au kukwaruza, kama mganga anavyochanja chale au mtu anavyochanja kuni. Siku hizi chanjo nyingi ni sindano au matone, lakini neno limebaki pale pale, kwa sababu chanjo ya kwanza ilikuwa kweli ni chale ya ngozi.

Na ngozi ilijibu. Mahali palipochanjwa palitoka kipele, kipele kikawa lengelenge, lengelenge likajaa usaha, kisha kigaga, na mwisho kovu la maisha. Katikati ya hapo mtu alipata homa, kwapa likavimba, na siku mbili tatu kazi hazifanyiki. Huo haukuwa ugonjwa mbaya. Ilikuwa dalili kwamba chanjo imeshika, na mtu ambaye ngozi yake haikujibu kitu alirudiwa kuchanjwa.

Lakini kulikuwa na madhara mengine yasiyo ya kawaida. Mwenye pumu ya ngozi aliweza kutokwa na vipele vya chanjo mwili mzima, na wengine walikufa. Mtoto aliyejikuna aliweza kuhamishia vipele kwenye jicho. Wachache sana walipata uvimbe wa ubongo. Zamani zaidi, walipokuwa wanachukua majimaji kwenye mkono wa mtu mmoja na kumpaka mwingine, walihamisha na magonjwa mengine pia. Huko Rivalta, Italia, mwaka 1861 watoto kadhaa walipata kaswende kwa njia hiyo. Ndiyo sababu ndama alionekana afadhali kuliko mkono wa jirani. Hesabu zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1960 zilionyesha kwamba chanjo ya ndui iliua kiasi cha mtu 1 katika kila milioni 1 ya waliochanjwa mara ya kwanza. Weka hesabu hiyo kando ya wale 3 kati ya 10, utaona kwa nini watu walikubali kovu.

Sotoka na ugonjwa uliolala

Mwaka 1896 ikaja sotoka. Hii sisi tunaijua kutoka kwa babu zetu, maana ilipita kwetu kwanza. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imeshawafilisi Wamasai na wafugaji wengi wa Kenya na Tanganyika. Ikateremka, ikavuka Zambezi, ikavuka Limpopo. Inakadiriwa kwamba ng'ombe milioni 2.5 walikufa kusini. Watu waliokuwa wanajitegemea kwa mifugo yao wakabaki mikono mitupu, na wengi wao wakalazimika kwenda kuomba kazi migodini. Kwa hiyo historia ya Johannesburg ina harufu ya mizoga ya ng'ombe ndani yake.

Serikali ya Kruger sasa ikamwona Theiler. Ikamteua daktari wa mifugo wa serikali. Akiwa na mwenzake Herbert Watkins-Pitchford kutoka Natal, akaanza majaribio ya kumkinga ng'ombe mzima kwa kutumia seramu, yaani majimaji ya damu ya ng'ombe aliyeugua akapona. Huko Kimberley, Mjerumani maarufu Robert Koch alikuwa anajaribu njia yake ya kutumia nyongo ya ng'ombe aliyekufa. Baadaye ikaonekana njia bora ni kumchoma ng'ombe damu yenye ugonjwa pamoja na seramu ya kinga kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo tatizo jingine likajitokeza. Kuna ng'ombe waliochanjwa vizuri dhidi ya sotoka, lakini wakaanza kukojoa damu, wakafa kwa ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na kupe. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, damu iliyotumika kuchanjia ilikuwa na vimelea vya ugonjwa huo. Ya pili inashangaza zaidi: ng'ombe aliyewahi kuugua zamani akapona alikuwa bado anabeba vimelea vimelala mwilini, na mshtuko wa ugonjwa mpya au wa chanjo kali uliviamsha.

Wanadamu nao wana mambo kama hayo. Virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni haviondoki. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na kinga ikilegea vinaamka kama mkanda wa jeshi, ule upele unaouma upande mmoja wa mwili. Baada ya chanjo za korona kuanza kutolewa mwishoni mwa 2020, madaktari wa nchi mbalimbali waliripoti watu waliotokwa na mkanda wa jeshi siku chache baada ya kuchanjwa. Tafiti kubwa zilizofuata hazikukubaliana: nyingine ziliona ongezeko dogo, nyingine hazikuona kitu. Lakini swali lenyewe si la kipuuzi, na wala si jipya. Theiler na wenzake walikutana nalo kwenye mazizi ya Transvaal zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Ugonjwa kutoka kwetu

Vita ya Makaburu na Waingereza ilipoanza mwaka 1899, Theiler alikuwa upande wa Makaburu, akihudumia farasi wa mizinga kule Ladysmith. Makaburu walishindwa mwaka 1902, lakini Waingereza hawakumfukuza. Walijua hawana mtu kama yeye.

Baada ya vita nchi haikuwa na ng'ombe, wakaagiza wengine kutoka nje, wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki. Wakaja nao ugonjwa ambao kusini haukuwahi kuonekana. Ng'ombe walivimba tezi, wakahema kwa shida, wakafa kwa wingi. Ndiyo ndigana kali yetu, na Wazungu wakaiita homa ya pwani ya mashariki. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuja kuitafutia chanjo, lakini njia yake ya kuwachoma ng'ombe damu ya waliopona haikufaulu. Theiler alionyesha kwamba huu si ugonjwa wa kukojoa damu ulio katika sura nyingine, bali ni kimelea cha pekee, kidogo sana, na mwaka 1904 akakipa jina. Baadaye wanasayansi wengine wakakiingiza katika kundi jipya walilolipa jina lake, Theileria.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuua kupe kwa majosho na kuzuia ng'ombe kuhama. Amri zikatolewa, na watu hawakuelezwa vya kutosha. Mwaka 1914 wananchi wa Griqualand Mashariki walichoka kulazimishwa, wakavunja majosho. Josho lilikuwa linasaidia, lakini mtu anayeburutwa haoni msaada, anaona kuburutwa tu. Afrika Kusini ilikuja kuumaliza ugonjwa huo mwaka 1954. Sisi bado tunao.

Vilevile mwaka 1910 Theiler alikitambua kijidudu cha ndigana baridi. Mwaka uliofuata akatambua ndugu yake mpole, na akaanza kumtumia huyo mpole kuwachanja ng'ombe. Ng'ombe aliyechanjwa hivyo hubaki na kijidudu mwilini kwa muda mrefu. Anakingwa kwa sababu hajapona kabisa! Chanjo hiyo ya damu inatumika katika nchi kadhaa mpaka leo.

Ini la farasi

Mwaka 1908 serikali ilimjengea maabara kubwa huko Onderstepoort, kaskazini ya Pretoria, na mwaka 1914 Mfalme wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Kijana aliyekosa kazi sasa alikuwa bosi wa moja ya taasisi za mifugo zinazoheshimiwa zaidi duniani. Hapo ndipo ilipotokea habari ambayo mimi naiona ni kubwa kuliko zote katika maisha yake.

Farasi wa Afrika Kusini walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa virusi unaoenezwa na wadudu warukao. Theiler aliwachanja kwa kuwachoma virusi vyenyewe pamoja na seramu ya farasi aliyepona. Wengi waliokoka. Lakini baadhi yao, wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau habari za chanjo, walianza kupata macho ya njano, wakawa kama wamerukwa na akili, wakagonga kuta, na baada ya siku chache wakafa. Walipopasuliwa, ini lilikuwa limeharibika vibaya.

Angeweza kunyamaza. Chanjo ilikuwa yake, jina lilikuwa lake, na farasi wanakufa kwa mambo mengi. Badala yake aliwachunguza mmoja mmoja, akaandika taarifa ndefu iliyotoka mwaka 1918, akaonyesha kwamba ugonjwa huu wa ini unawafuata farasi waliochomwa seramu ya wenzao. Mpaka leo unaitwa ugonjwa wa Theiler. Ilibidi isubiriwe miaka 100, hadi 2018, watafiti wa Marekani walipogundua kirusi kinachohusika, kilichokuwa kinasafiri ndani ya seramu.

Baba na mwana

Theiler na mkewe walipata watoto wanne. Gertrud akawa mtaalamu mkubwa wa kupe. Mdogo wa wote, Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1899, alisomea udaktari, akahamia London na baadaye Marekani. Mwaka 1937, akiwa New York, yeye na wenzake walitangaza chanjo ya homa ya manjano, ile ambayo sisi tunaijua kwa kadi yake ya njano tunayobanana nayo viwanja vya ndege. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951, Mwafrika wa kwanza kwa kuzaliwa kuipata. Baba hakuyaona hayo. Alistaafu mwaka 1927 na kufariki akiwa Lucerne, Uswisi, tarehe 24 Julai 1936, mwaka mmoja kabla.

Hakuona pia yaliyotokea 1942. Marekani ilikuwa vitani, ikawachanja askari wake kwa wingi dhidi ya homa ya manjano. Ili chanjo isiharibike, ilichanganywa na seramu ya watu. Miezi michache baadaye askari wakaanza kugeuka macho ya njano. Si homa ya manjano, bali homa ya ini aina ya B, iliyotoka kwa baadhi ya watu waliotoa damu. Karibu askari 50,000 waliugua. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, seramu ndiyo iliyobeba ugonjwa. Ilikuwa ni habari ya farasi wa Onderstepoort, sasa kwa binadamu, na ndani ya chanjo ya mtoto wa mtu yule yule! Na maonyo yalikuwepo: Findlay na MacCallum wa London walisharipoti watu waliopata umanjano baada ya chanjo hiyo mwaka 1937, na Brazil nako yalionekana. Seramu ilipoondolewa, tatizo likaisha. Chanjo hiyo imewakinga mamilioni ya watu, na inatumika hadi leo.

Tunajifunza nini

Ndugu wasomaji, katika historia yote ya dunia ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa kabisa kwa juhudi za binadamu. La kwanza ni ndui: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, mwaka 1977, na dunia ikatangaziwa ushindi 1980. La pili ni sotoka, iliyoonekana mara ya mwisho Kenya mwaka 2001 na kutangazwa kuwa imekwisha mwaka 2011. Chanjo iliyosaidia sana kuimaliza ilitokana na kazi ya Walter Plowright pale Muguga, karibu na Nairobi. Ndui ya 1893 na sotoka ya 1896 ndizo zilizomtoa Theiler kwenye umaskini. Aliyaanza mapambano yote mawili upande huu wa Afrika, na yote mawili yakamalizikia upande wetu.

Ndigana kali ndiyo imebaki. Muguga huko huko walitengeneza njia ya kumchoma ndama vimelea hai pamoja na dawa ya kuvipunguza makali, na wafugaji wengi wa Kimasai Tanzania wamewachanja ndama wao hivyo. Nayo ina madhara yake: ndama wachache huugua, na wengi hubaki wamebeba vimelea. Mfugaji anaelezwa hayo, anapiga hesabu, anaamua.

Hilo ndilo ninalolichukua kwa mzee huyu. Kusema ukweli kuhusu madhara ya chanjo hakuiui chanjo. Kinachoiua ni kuficha, maana watu wakigundua wenyewe hawatakuamini tena hata ukiwaletea dawa ya kweli. Ninyi mnaosomea udaktari, uuguzi na mifugo, mkirudi nyumbani mtakutana na mama atakayewauliza kwa nini mkono wa mwanawe umevimba baada ya sindano. Msimfokee. Mwangalieni mtoto, andikeni mlichokiona, mwelezeni mama kwa lugha anayoielewa. Bwana mifugo wa mkono mmoja alifanya hivyo kwa farasi, je, sisi tushindwe kwa watu?

Tukutane toleo lijalo, Mungu akitujalia.